Mitende Minane na Kisu cha Baba

Mimi ni mwalimu wa kilimo. Nalitaja jambo hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba yaliyofuata yalifanywa na mtu asiyejua. Kwa miaka kumi na minane nimesimama mbele ya ubao nikichora mizizi, mashina na machipukizi, na nimewanyima wanafunzi alama kwa makosa madogo kuliko niliyoyafanya nyumbani kwangu, mchana kweupe, nikiwa nimevaa gambuti za mpira na tabasamu la mtaalamu.

Nyumbani ni mwendo mfupi kutoka Kapkatet, kwenye ekari moja na kipande ya chai ambayo baba yangu aliipanda kabla sijazaliwa. Mimi ni kitinda mimba, na kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye anayebaki na boma la wazazi. Ndugu zangu walikwenda kujenga kwao, nami nikabaki na chai, ng'ombe wawili, mke anayecheka kabla sijamaliza sentensi, na Baba. Mama alikuwa ametutoka zamani.

Baba alifanya kazi maisha yake yote kwenye shamba kubwa la chai, katika genge la wapogoaji, na akastaafu akiwa nyapara wao. Kupogoa chai si kukata ovyo. Kila baada ya miaka michache mchai hukatwa wote usawa wa magoti, ukabaki vijiti vitupu, na mgeni akipita husema shamba limeungua. Kisha baada ya wiki chache vijiti vile hutoa majani mengi kuliko ya mwanzo. Ila ukikata vibaya, gome likachanika au meza ya shamba, yaani usawa wa juu wa michai, ikaenda upande, utalia miaka yote hiyo hadi zamu nyingine. Baba alilaza ufito juu ya michai kupima usawa, akakata pigo moja moja, na hakurudia. Kijijini watu waliuamini mkono wake kiasi kwamba shamba la mtu likifika zamu ya kupogolewa, yeye ndiye aliyealikwa akate mchai wa kwanza. Malipo yake yalikuwa chai ya maziwa na kiti kilichowekwa kivulini. Hakutaka zaidi ya hayo.

Sasa niseme jinsi mitende ilivyoingia. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimpelekea Baba uji kazini, na njia ilipita karibu na nyumba ya meneja. Kutoka langoni hadi barazani kulikuwa na mitende, safu mbili, mirefu, imenyooka. Haikuchumwa, haikuliwa, haikutoa kuni wala kivuli cha maana. Ndiyo maana niliitamani. Ilikuwa miti ya mtu asiyehitaji chochote kutoka kwa mti. Nikaapa kwamba siku moja nami nitakuwa na safu yangu, na mtu akija kwangu atatembea katikati yake akijiuliza kama amevaa vizuri.

Nafasi ilikuja harusini, upande wa Sigowet, kule chini kwenye joto. Uwanja wa kanisa ulikuwa na mitende mitatu iliyokuwa imeangusha matunda ya rangi ya machungwa, madogo, yametapakaa kila mahali. Wenzangu wakiimba na maharusi, mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya hema nikijaza mifuko ya suti. Matunda yale yana utomvu. Suti yangu ya pekee ilirudi nyumbani na madoa mawili makubwa mapajani ambayo hakuna sabuni iliyoweza kuyatoa, na kwa miaka iliyofuata nilihudhuria kila harusi na kila mazishi nikiwa nimeshika Biblia mbele, chini kidogo ya tumbo.

Mbegu ya mtende ni kitu kigumu, na inataka joto mfululizo. Kwetu hakuna joto mfululizo. Asubuhi kuna ukungu, mchana jua kidogo, saa nane mvua ya mawe. Nikafikiria, na wazo lililonijia liliniridhisha sana. Tulikuwa na kuku aliyeanza kuatamia. Nikazifunga mbegu kwenye mfuko pamoja na unga wa mbao uliolowa, nikautelezesha chini yake, nikaacha mayai manne tu kwa heshima.

"Na hao vifaranga utawapa majina gani?" mke wangu aliuliza.

Kuku alifanya kazi yake kwa uaminifu. Siku ya ishirini na moja vifaranga wanne walitoka, naye akainuka na kwenda zake bila kuutazama mfuko. Nilikuwa nimesahau kwamba kuku ana ratiba. Nikauhamisha mfuko kwenye rafu ya juu ya jiko la kuni, karibu na bomba la moshi, na huko ukakaa hadi mimi mwenyewe nikausahau. Mwezi wa tano mke wangu aliushusha akitafuta chumvi, akakuta kitu cheupe kimetoboa plastiki. Kati ya mbegu sitini, nane zilikuwa zimeota, na nilishangilia hadi Baba akatoka chumbani akidhani ng'ombe amezaa.

Mtende ukiwa mdogo haufanani na mtende. Hutoa jani moja refu, jembamba, na mwaka mzima unapita hivyo. Niliipanda kwenye mifuko ile ile tunayokuzia miche ya chai, nikaipanga mbele ya nyumba, na nikawa nazungumza nayo. Jirani yetu, mama mmoja ambaye chai yake inapakana na yetu, alisimama kwenye ua siku moja akaitazama kwa muda.

"Mwalimu, hiyo nyasi yako ni ya ng'ombe gani? Nipee kidogo nipande."

Nilimweleza kwamba ile ilikuwa mitende, na kwamba angoje tu aone. Aliitikia kwa upole, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa. Kila Jumapili ya Mitende sisi hupunga matawi ya saipras kwa kukosa kitu bora, nami nikaahidi hadharani kwamba miaka michache ijayo nitaliletea kanisa lote majani halisi. Ahadi hiyo bado inangoja.

Miaka saba ilipita. Mitende ilihamishwa ardhini, minne huku na minne kule, kutoka langoni hadi mlangoni, umbali ambao kwa kweli mtu huumaliza kwa hatua kumi na tano. Ilipigwa na mvua ya mawe, ikaliwa na mbuzi mara moja, ikapona. Ilipofika mwaka wa saba ilikuwa na mashina ya kufika kiunoni na majani yaliyoinama vizuri juu, na nilikuwa nikitoka nje kila asubuhi na kikombe mkononi, nikitembea hatua zangu kumi na tano kwenda na kumi na tano kurudi, nikimsubiri mtu yeyote apite barabarani aone.

Wakati huo huo Baba alikuwa akipungua. Si ugonjwa wa kutajwa. Watu walikuwa wameanza kukodi mashine za petroli za kupogolea, zinazomaliza shamba kwa asubuhi moja, na mashine haina haja ya mtu wa kufungua kazi. Msimu mmoja aliitwa mashamba mawili tu, msimu uliofuata hakuitwa hata moja. Alianza kukaa kitini tangu asubuhi. Kisu chake alikuwa bado anakinoa kila Jumamosi, kisha anakirudisha kwenye ala bila kukikatia kitu. Niliumia kumwona. Nilitaka ashike kazi, kazi yoyote ambayo angeimaliza akasema hii nimeifanya mimi.

Chai yetu haikuwa imefika zamu. Nikaangalia huku na huku, macho yakaangukia mitende.

Naomba nieleweke. Mimi nimezaliwa mahali ambapo kila kitu kinachokatwa hurudi. Chai ukiikata kichwa inatoa matawi kumi. Mkaratusi ukiukata unatoa mashina manne. Ua la saipras, nyasi za ng'ombe, sukuma wiki, vyote vinajibu kisu kwa majani. Mtu akikulia hapa, hata kama amesoma, kuna mahali ndani ya kichwa chake ambapo masomo hayafiki, na mahali hapo panamwambia kwamba ukitaka mti unenepe, ukate. Nikaiona mitende yangu ikiwa na vichwa vitatu vitatu, vinne vinne, minene, ya ajabu, safu ambayo hata meneja hakuwa nayo.

Nilimwita Baba nje. Aliuzunguka mtende wa kwanza polepole, akaugusa.

"Hii miti mimi siijui," alisema. "Chai ndio najua."

"Ni kama chai tu, Baba. Ukikata kichwa, inatoa vingine."

"Nani amesema?"

"Mimi ndio mwalimu wa kilimo."

Alinitazama, akatazama mtende, akanitazama tena. Kisha akaomba ufito.

Ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote za mwaka ule, na ndicho kinachoniudhi hadi leo. Baba alivua koti. Alipima kila mtende, akaweka alama kwa ukucha, akazunguka shina kwa kisu na kumalizia kwa panga, na yote minane ilikaa usawa mmoja kabisa, ukilaza ufito haupandi wala haushuki. Alipokata wa kwanza aliinama, akabonyeza mahali palipokatwa.

"Ndani ni laini kama kabichi," alisema. "Mti gani huu hauna mti ndani?"

Nilimwambia hiyo ndiyo dalili nzuri. Sikumbuki niliitoa wapi habari hiyo. Vichwa vilivyokatwa tulimpa ng'ombe, naye akala miaka yangu saba kwa muda wa kunywa chai. Baba alikula vizuri mchana huo, akapiga hadithi za genge lake hadi jioni, na wiki nzima alikuwa akitoka mwenyewe kwenda kutazama kazi yake, fimbo chini ya kwapa, na kila aliyepita alimwonyesha.

Wiki ya tano nilikuwa darasani, Kidato cha Pili, nikieleza kwa nini mdudu akitoboa moyo wa mhindi mchanga mmea hufa. Nikawaambia kwamba kila shina la mimea ya jamii hiyo, mahindi na ndugu zake, hukulia mahali pamoja tu, kileleni. Nikachora. Nikaandika mifano ubaoni: mahindi, ngano, migomba, mitende. Chaki ilibaki kwenye herufi ya mwisho. Mwanafunzi wa mbele aliniuliza kama ninataka maji.

Ningeweza kwenda nyumbani siku hiyo hiyo nikamwambia Baba. Ingechukua dakika moja. Badala yake nilianza kazi ya kujificha, na hapo ndipo mtaalamu alipogeuka mjinga wa hali ya juu. Nilitia mbolea kwenye vigogo vilivyokufa. Nilivimwagilia maji. Vilipoanza kuoza na kunuka, Baba akauliza kulikoni, nikasema ni fuko, wanakula mizizi. Nikachimba mashimo ya kuonyesha. Tukatega mitego ya waya pamoja, mimi na yeye, na kwa muda wa miezi Baba alikaa asubuhi kwenye kiti chake karibu na mitego ile, akilinda vigogo vyangu dhidi ya fuko ambaye hakuwepo. Nilipita kwenda kazini nikimsalimia.

Watu hawakuamini fuko. Safu ya vigogo vinane vyeusi mbele ya nyumba ya mwalimu haikosi kuonekana, na kila mtu alikuwa ameshaonyeshwa na Baba mwenyewe kwamba ni kazi yake. Maneno yakaanza kanisani na kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai: mzee mkono umeisha, sasa akikata kitu kinakufa. Hayo nilimsikia mtu akiyasema, nikajifanya nafunga kamba ya viatu. Nilikuwa nimevaa gambuti.

Baba naye aliyasikia. Jumamosi moja niligundua kwamba hakunoa kisu, na Jumamosi iliyofuata vilevile.

Karibu mwaka ulipita. Baridi ikaja, msimu wa kupogoa, na jirani yetu yule wa nyasi akaingia kwetu alasiri moja, akakaa, akanywa chai, akasema chai yake imefika zamu. Hakutaka mashine. Alitaka Baba afungue kazi kama alivyofanya siku zote.

"Tafuta mtu mwingine, mama," Baba alimwambia. "Mkono yangu imekufa. Uliza hiyo miti hapo nje."

Jirani alitazama sakafu. Mke wangu alinitazama mimi, na mara hii hakuwa anacheka.

Nilimfuata Baba zizini, alikokwenda jioni ile kumshika ndama mke wangu akikamua, na nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba mtende haukatwi kichwa, kwamba hata mkono wa malaika ungeuua, kwamba nilijua tangu wiki ya tano. Alikuwa ameshika kamba ya ndama. Hakuiachia.

"Kwa hivyo hakuna fuko?"

"Hakuna, Baba."

"Na hiyo mitego?"

"Ilikuwa uongo wangu."

Maziwa yalikuwa yamejaa ndoo na mke wangu aliacha kukamua.

"Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima umeniacha nikijua ni mimi." Aliivuta kamba kwa hasira, na nilistahili kila neno. "Sasa mimi siendi kusema kitu. Kesho wewe mwenyewe utasema, pale kwa majani, watu wote wakiwa."

Kituo chetu cha majani ni paa la mabati juu ya nguzo, na watu hungoja lori hapo wakiwa wamekalia magunia yao. Hapo ndipo niliposimama kesho yake, nikiwa nimetoka shule na tai yangu, nikakohoa, nikasema nina tangazo. Watu walidhani ni kikao cha wazazi. Nikawaambia kwamba mimi, mwalimu wa kilimo, ndiye niliyeagiza mitende ikatwe, kwamba Baba alikataa nikamlazimisha, kwamba kila mtoto wa Kidato cha Pili anajua mtende ukikatwa kichwa unakufa, kwa sababu mimi ndiye ninayewafundisha. Mzee mmoja akauliza kama huyo ndiye mwalimu anayemfundisha mjukuu wake. Walicheka hadi lori likafika na dereva akashuka kuuliza kuna nini.

Jumatatu Baba alikwenda kwa jirani. Tulikwenda wote. Kiti kilikuwa kivulini, chai ilikuwa tayari, wakataji walikuwa wamesimama na visu vyao wakingoja. Baba alivua koti, akalaza ufito, akatoa kisu.

Nilikuwa karibu, kwa hiyo niliona kabla ya wengine. Mkono ulikuwa unatetemeka. Si kwa hasira wala kwa baridi. Ulikuwa umeanza wakati fulani katika ule mwaka aliokaa akilinda mitego yangu, na mimi nilikuwa nimemnyima mwaka huo, pengine wa mwisho ambao mkono ule ulikuwa mzima. Hilo sijajisamehe. Alikata. Kisu kilikwenda upande, gome likachanika hadi chini, na tawi likabaki limening'inia. Alirudia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya, na pigo la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza.

Jirani alikuwa ameshika birika bila kumimina. Baba aliutazama mchai ule, akautazama mkono wake, kisha akainua kichwa na kunielekezea kisu.

"Ni huyu mwalimu ameniambia nikate hivi," alisema.

Watu wakaangua kicheko. Baba hakucheka, alikuwa ananitazama tu, anangoja.

"Ni kweli," nikasema kwa sauti, ili hata waliokuwa mwisho wa shamba wasikie. "Ni mimi nilimwambia."